Karatasi Iliyoharibika Vibaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa karibu kila wiki na watu wanaofika karakana yetu ya kutengeneza nyaraka na bahasha, sanduku la viatu, au mfuko uliojaa vipande. Wengi huanza kwa kusema, "Sidhani kama hiki kina kazi tena." Mara nyingi kinayo. Na kinachoamua kama kitapona si ubingwa wa fundi peke yake. Ni yale yaliyofanywa, na hasa yale ambayo hayakufanywa, kabla hakijamfikia.

Karatasi zimelowa chapachapa sasa hivi. Nianze na nini?

Anza kwa kutoziinua. Nyuzi za karatasi hushikana kwa nguvu ambazo maji huzilegeza, ndiyo maana waraka uliokuwa ukiushika kwa vidole viwili jana, leo unakatika kwa uzito wake wenyewe. Ukiunyanyua kwa kona, kona itabaki mkononi na waraka utabaki mezani. Tafuta kitu kipana chenye uso laini, kama trei au kipande kigumu cha plastiki, ukiteleze chini yake taratibu, kisha uinue vyote viwili pamoja.

Karatasi moja moja zitandaze juu ya taulo nyeupe au karatasi ya kunyonya maji isiyo na maandishi, na ubadilishe kila inapolowa. Gazeti usilitumie, litaacha wino wake juu ya waraka wako. Washa feni ipulize hewa ya chumba, si karatasi zenyewe. Tope usilisugue, maana likiwa bichi unalizamisha ndani ya nyuzi. Likikauka hutoka kwa brashi laini. Kitabu kilichofungwa kiache kimefungwa, na kama kimepinda usijaribu kukinyoosha kikiwa kimelowa.

Una saa 48 hadi 72 kabla ukungu haujaanza kuota, na kwenye joto na unyevu mwingi usizitegemee zote.

Zimelowa nyingi kuliko ninazoweza kukausha kwa siku mbili.

Gandisha. Friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo inasimamisha kila kitu: ukungu hauoti, wino hausambai, gundi hailainiki zaidi. Hata friza ya nyumbani inafaa kwa vitabu vichache. Panga vitabu safu moja ndani ya sanduku, mgongo wa kitabu ukiwa chini, weka karatasi ya nta katikati ili visigandane, na usilijaze sanduku hadi juu. Andika kwa penseli kilichomo. Negativu na picha za zamani za kioo zisiingie humo bila kumuuliza mtaalamu kwanza.

Ubora wa njia hii unaonekana ukilinganisha misiba miwili. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, Italia, na maji yenye tope na mafuta yakaingia Maktaba Kuu ya Taifa na kuharibu vitabu na nyaraka zaidi ya milioni moja. Vijana kutoka nchi nyingi walijipanga mistari kwenye ngazi wakipokezana vitabu mkono kwa mkono. Lakini kugandisha vitabu kulikuwa hakujazoeleka, kwa hiyo viliwekewa unga wa mbao ili unyonye maji, na vingine vikapelekwa kukaushwa kwenye matanuri ya tumbaku. Vingi viliokoka, ila vilitoka vimekakamaa na kukunjamana, na kazi ya kuvitengeneza ikachukua miongo. Septemba 2004 ilipoungua maktaba ya Herzogin Anna Amalia huko Weimar, Ujerumani, vitabu vilivyolowa kwa maji ya zimamoto viligandishwa haraka, kisha vikakaushwa ndani ya chemba ya ombwe, yaani iliyotolewa hewa. Humo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, na pasipo maji hakuna kinachonatisha kurasa wala kutembeza wino.

Kugandisha si tiba. Kunakununulia muda, na kwa karatasi iliyolowa muda ndio kitu adimu kuliko vyote.

Niianike juani? Niipige pasi?

Hapana, yote mawili. Jua huchujua wino na kukausha upande mmoja kabla ya mwingine, karatasi ikajikunja. Pasi hukaanga nyuzi na kuubana uchafu ndani kwa kudumu.

Kurasa zimegandana. Nizitenganishe vipi?

Inategemea aina ya karatasi. Zile zinazong'aa, za majarida na vitabu vya picha, zimepakwa udongo mweupe uliochanganywa na gundi. Zikilowa, tabaka hilo hulainika, na zikikauka zikiwa zimelaliana hugeuka tofali moja. Hizi zigandishe ndani ya saa chache, zikiwa bado zimelowa. Zikishakauka na kushikana, mara nyingi hata sisi hatuwezi kuzitenganisha bila kung'oa maandishi.

Karatasi ya kawaida ina huruma zaidi. Ikikauka, hutenganishwa kwa kisu butu chembamba kinachoingizwa kuanzia pale penye uwazi, milimita kwa milimita, na penye ubishi huwekwa unyevu kidogo kwa upande. Ukihisi inavuta, simama. Huo mvuto ni ukurasa unaoanza kuchanika.

Imeota ukungu. Nifute?

Usifute ukiwa mbichi. Ukungu mbichi ni laini na wenye rangi, na kitambaa kitaupaka ukurasa mzima. Vaa barakoa inayochuja vumbi jembamba na glavu, tenga kilichoathirika na vingine, kisha kausha au gandisha hadi ukungu ulale. Ukilala hugeuka unga mkavu, na hapo hunyonywa kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi dogo sana, ikiwa kwenye nguvu ndogo, huku brashi laini ikielekeza unga kwenye mdomo wa mashine. Fanya hivyo nje au mahali penye hewa, kamwe si chumba wanacholala watu.

Dawa ya kung'arisha nguo isikaribie. Itaua ukungu, na karatasi itafuata. Madoa ya zambarau na kahawia yatabaki, nasi mara nyingi tunayaacha. Doa halipunguzi umri wa waraka. Unyevu ndio unaoupunguza: karatasi ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65, ukungu utarudi hata uusafishe mara kumi.

Hati imeungua. Kuna cha kuokoa hapo?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu, maana ndipo watu wanapotupa vitu vingi ambavyo havikustahili kutupwa.

Kitabu kilichofungwa huungua kwa shida. Katikati ya kurasa hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo moto hula kingo na mgongo na kuacha kiini kikiwa cha kahawia, kigumu, chenye kumeguka, lakini chenye maandishi. Ukikiona kwa mara ya kwanza unaona mkaa tu. Huko Weimar vitabu kama 50,000 viliteketea, na wengine wangetarajia mabaki ya kingo nyeusi yafagiliwe. Yalikusanywa. Wahifadhi walitengeneza fremu maalumu za kushikilia kurasa hizo wakati wa kuziosha na kuzitibu, wakajaza kingo zilizoliwa kwa rojo la nyuzi za karatasi, kisha wakazifunika kwa karatasi ya Kijapani nyembamba kiasi kwamba maandishi yanasomeka kupitia kwayo.

Hata ukurasa uliokuwa mweusi tii unaweza kuwa unasema. Jicho huona nyeusi juu ya nyeusi, lakini kamera ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, mara nyingi hutofautisha wino na karatasi iliyokaangika. Njia hiyo imetumika kusoma mafaili ya wanajeshi wa Marekani yaliyonusurika moto wa hifadhi yao huko St. Louis wa tarehe 12 Julai 1973, moto ulioteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18.

Mfano mkubwa kuliko yote si wa karatasi bali wa ndugu yake, mafunjo. Volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, vitabu vya kuviringishwa vya maktaba moja ya Herculaneum, mji wa kale wa Italia, viligeuka magogo ya mkaa. Yalipochimbuliwa karne ya 18, waliotaka kuyasoma waliyakata na kuyakunjua, na mengi yakaishia chengachenga mikononi mwao. Mengine yaliachwa kwa sababu yalionekana hayana matumaini. Oktoba 2023, kwa picha za eksirei na programu za kompyuta, lilisomwa neno zima ndani ya gogo ambalo halijafunguliwa: "porphyras", neno la Kigiriki lihusulo zambarau. Yanayosomwa sasa ni yale yaliyoachwa bila kuguswa.

Kwa hiyo, hati ikiungua, usiifungue ili uone. Iweke kwenye sanduku lisilobana, juu ya karatasi shashi, na usiitingishe.

Imejikunja kama bomba na haifunguki. Nilazimishe?

Nikiwa mwanafunzi nililazimisha. Ilikuwa cheti kilichokaa kimeviringishwa miaka mingi. Nilikibana upande mmoja kwa kitabu, nikakivuta upande wa pili, kikapasuka mipasuko sita sambamba kama ubao unaochanwa. Sauti yake naikumbuka.

Karatasi kavu ni kama unyasi mkavu, inahitaji unyevu ndipo ikubali kupinda. Chukua sanduku la plastiki lenye mfuniko, weka chini karatasi ya kunyonya iliyolowa, juu yake wavu usioshika kutu, na waraka juu ya wavu bila kugusa maji. Funika. Baada ya saa moja au zaidi utaanza kulegea wenyewe. Angalia mara kwa mara, kisha ufungue kadiri unavyokubali, uulaze katikati ya karatasi za kunyonya chini ya uzito wa wastani. Usifanye hivi kwa waraka wenye ukungu, wenye wino unaomumunyika au wenye wino wa chuma ninaoueleza chini.

Kwa nini gazeti la miaka 60 linameguka, na kitabu cha miaka 500 bado ni laini?

Kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Zamani karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, yenye nyuzi ndefu na imara. Mwaka 1807 Moritz Illig wa Ujerumani alitangaza njia rahisi ya kuzuia wino usisambae, kwa kutumia shabu na utomvu wa msonobari. Shabu huzalisha asidi. Katikati ya karne hiyo viwanda vikaanza kusaga mbao badala ya matambara, na mbao zina lignini, gundi ya asili ya mti, ambayo ikipigwa na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuongeza asidi zaidi. Asidi hukata minyororo ya selulosi, ndiyo inayojenga nyuzi za karatasi, vipande vifupi vifupi. Karatasi inaonekana ni ileile, lakini ndani haina tena cha kushikana nacho.

Tunaweza kuiosha kwa maji yenye kalsiamu au magnesiamu, asidi ikapoa na karatasi ikabakiwa na akiba ya kupambana na asidi ijayo. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai kavu. Lakini nguvu iliyopotea hairudi. Anayekuahidi kwamba karatasi yako itakuwa laini kama zamani, muulize mara ya pili.

Maandishi yametoboka, kana kwamba wino umekula karatasi.

Umekula kweli. Huo ni wino wa chuma, uliotengenezwa kwa tanini ya vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, na uliotumika kwa karne nyingi. Una asidi, na chembe zake za chuma huchochea nyuzi zioze. Huanza kwa ukingo wa kahawia kuzunguka herufi, halafu ufa, halafu herufi nzima inadondoka na kuacha tundu lenye umbo lake.

Adui mkubwa hapa ni unyevu kidogo. Ukiulowanisha kidogo tu, chuma husafiri kwenda sehemu zilizo salama na kuziozesha nazo. Kwa hiyo usibandike kitu chochote kwa gundi ya maji. Sisi hushikiza nyufa kwa karatasi nyembamba iliyopakwa jelatini na kukaushwa kabla, inayoamshwa kwa unyevu mdogo mno. Waraka unaoweza kuhimili maji mengi hutibiwa kwa kalsiamu faiteti, ambayo hushika chembe za chuma zisifanye kazi, kisha kalsiamu baikaboneti hutuliza asidi. Hii si kazi ya mezani nyumbani.

Nimeshaunga kwa selotepu. Niitoe?

Usiivute. Najua uliiweka kwa nia njema. Shida ni kwamba gundi yake haikai ilipo: kwa miaka huingia ndani ya karatasi, huifanya ionekane kama imeloa mafuta, kisha hugeuka manjano na kahawia. Plastiki ya juu hubanduka yenyewe na kukuachia doa. Ikiwa bado mpya, kisu butu kilichopashwa joto kidogo huilegeza. Iliyozeeka hutolewa kwa viyeyusho, na viyeyusho hivyo huyeyusha pia wino wa kalamu ya kawaida. Kwa sasa, acha. Na usiongeze nyingine.

Ninyi mnaunga kwa nini, basi?

Kwa gundi ya wanga wa ngano na karatasi ya Kijapani. Vyote viwili ni vya kale, na hatujapata vilivyovizidi kwa kazi hii.

Gundi tunaipika wenyewe. Sehemu moja ya wanga wa ngano uliotolewa gluteni, ile protini yake inayonata, sehemu nne au tano za maji safi, moto mdogo, na mkono usioacha kukoroga kwa nusu saa au zaidi. Mwanzoni ni maji meupe tu. Ghafla hukaza, mwiko unakuwa mzito, na weupe ule hugeuka kung'aa kama lulu. Ikipoa huwa tonge gumu, tunalipitisha kwenye chujio mara mbili au tatu, kisha tunalainisha kwa maji tone kwa tone hadi liwe laini kama krimu. Baada ya siku kadhaa huharibika, tunapika nyingine.

Karatasi ya Kijapani hutengenezwa kwa gamba la ndani la mti uitwao kozo, na nyuzi zake ni ndefu sana. Hatuikati kwa mkasi. Tunachora mstari kwa brashi yenye maji kufuata umbo la mpasuko, kisha tunavuta taratibu, nayo inaachana na kubaki na nyuzi pembeni kama kope za jicho. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika. Kipande kinapakwa gundi kidogo sana, kinawekwa kwa kibano nyuma ya mpasuko, kinafunikwa kwa kitambaa kisichonata na karatasi ya kunyonya, halafu uzito juu. Kesho ukipitisha kidole hupasikii.

Sababu kubwa ya kuchagua gundi hii ni kwamba hutoka kwa unyevu hata baada ya miaka mingi. Atakayekuja baadaye akiwa na njia bora ataweza kubatilisha kazi yangu bila kuudhuru waraka.

Si bora nilamineti tu, iishe?

Hapana. Tuna ushahidi wa hili. Kuanzia miaka ya 1930, William Barrow wa Marekani alieneza njia ya kubana nyaraka ndani ya plastiki ya selulosi asetati kwa joto na mgandamizo, na hifadhi nyingi za nyaraka ziliifuata kwa imani. Baadaye ilionekana kwamba plastiki hiyo ikizeeka hutoa asidi yenye harufu ya siki, na kuitoa ni kazi ya hatari. Lamineti ya ofisini nayo ni gundi ya moto inayoyeyukia ndani ya nyuzi. Ukitaka kinga, weka waraka katikati ya karatasi mbili za plastiki ya polyesta zilizofungwa pembeni tu, bila gundi kugusa waraka. Picha za chaki na mkaa zisiwekwe humo, maana plastiki hiyo huvuta unga wake.

Nishike kwa glavu nyeupe?

Kwa karatasi, mikono iliyooshwa na kukauka ni bora. Glavu za pamba hukupokonya hisia na hunasa kwenye nyufa. Glavu ni za picha na kwa kitu chenye ukungu.

Sehemu iliyopotea, mtaniandikia upya maneno yake?

Hatuandiki. Tunaziba pengo kwa karatasi iliyotiwa rangi hafifu kuliko ya asili, jicho lipite bila kukwama lakini atakayechunguza aone mpaka. Hata kama unayajua maneno kwa moyo, yaandike kwenye karatasi nyingine. Waraka ni shahidi, na shahidi hasaidiwi kukumbuka.

Nikishaskani, asili ya kazi gani?

Skani kwa vyovyote, hasa kabla ya matengenezo, maana waraka mbovu hupoteza kitu kila unaposhikwa. Lakini skani huchukua sura tu. Alama ya maji ndani ya karatasi, shinikizo la kalamu nyuma yake, aina ya wino, maandishi yaliyokwanguliwa, hayo yamo ndani ya kitu chenyewe. Wale waliotunza magogo ya mkaa ya Herculaneum hawakujua yatasomwaje.

Nivilete vipi vipande bila kuvimaliza njiani?

Usivipange kwanza kama fumbo la kuunganisha. Jinsi vilivyolala hutuambia kipi kilikuwa juu ya kipi. Piga picha, viweke kama vilivyo juu ya kadi ngumu, funika kwa karatasi shashi, sanduku liwe bapa na lijae kiasi cha kutocheza. Usitumie pamba, nyuzi zake hunasa kingo.

Na ukimaliza kuhamisha, usikung'ute bahasha ya zamani. Yakusanye hata makombo yaliyobaki chini, uyaweke kwenye karatasi iliyokunjwa na uandike yametoka wapi. Mama mmoja alituletea hati ya ndoa ya wazazi wake, na makombo hayo akayaweka kwenye kibahasha, akiomba radhi kwa kutuletea takataka. Tuliyachambua chini ya darubini siku mbili. Kimoja, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kilikuwa na tarakimu mbili za mwisho za mwaka ambao hati nzima haikuuonyesha tena.